Alichosema Bwana Mifugo

Kila nikinusa chokaa iliyolowa, mikono huniwasha. Kule Muleba ng'ombe wetu alikufa ghafla, damu ikimtoka puani, nasi tukamla. Siku ya pili bwana mifugo alifika akamwaga chokaa pale tulipomchunia. Bibi hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

“Mwambie bibi yako hiki ni kimeta,” aliniambia. “Aliyekula nyama hiyo aende hospitali leo hii, la sivyo atakufa.”

Bibi akaniuliza kwa Kihaya anasemaje. Mimi nilikuwa nimekula ini, nikaogopa kutamka kwamba tutakufa.

“Anatupa pole,” nikamjibu.

Bibi akamshukuru sana, kisha akaingia jikoni kutupashia nyama iliyobaki.