Muziki Uliojifunza Kuchechemea

Ile miaka biashara ilipofunguliwa, vitu viliingia Arusha kama mfereji umebomoka. Asubuhi unaamka jirani ana redio, mchana ana redio tatu, jioni anakuuzia mbili. Na sisi tukajitosa humo humo. Tulikuwa vijana wanne wa Kimandolu: mpiga kinanda, mpiga gitaa, mpiga dramu na mimi mwimbaji. Sijisifu, lakini nikiimba bafuni Kimandolu, ng'ombe wa Usa River walikuwa wanaacha kula wanageuza masikio.

Huko huko Usa River kulikuwa na hoteli ya mzungu mmoja mrefu, anachuma parachichi bila ngazi. Tukaenda kumpigia nyimbo zetu za mapenzi. Akasikiliza, akakuna kidevu.

"Nyimbo mzuri," akasema. "Lakini wageni yangu nataka swingi. Nyinyi chukua nyimbo yenu hii hii, piga swingi, rekodi kaseti, leta. Wiki tatu. Kama iko swingi, Jumapili mchana yote ya nyinyi. Kama hapana, naleta bendi ya Nairobi."

Bendi ya Nairobi! Bora angetutukana. Halafu mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya mashine ya kusaga, tena nilimuaga bosi kwa maneno ambayo mtu harudi nayo. Zile Jumapili zikikosekana, nilikuwa sina pa kwenda isipokuwa kwa mama, na mama alishaanza kufuga kuku chumbani kwangu.

Sasa swingi ni nini? Mpiga kinanda ndiye aliyekuwa msomi wetu, alifika kidato cha pili akachungulia. Akasema, "Swingi ni bembea." Basi tukarudi hotelini siku ya tatu, tunaimba huku tunabembea, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mpiga gitaa akamgonga mhudumu na sahani zake saba.

Mzungu akashika kichwa. "Hapana bembea nyinyi! Muziki ndiyo bembea!" Akatupa kaseti ya kwao tujifunze.

Tuliisikiliza mpaka utepe ukawa mwembamba kama uzi wa buibui. Tukaambulia kitu kimoja tu: mle ndani kuna matarumbeta, tena mengi. Na matarumbeta, mtu wa Arusha anajua yako wapi. Yako kanisani, mlimani kwa Wameru.

Tukapanda Meru kumfuata mzee wa matarumbeta wa usharika mmoja. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, na tarumbeta lake lilikuwa kuukuu, nadhani hata Nuhu alilikuta safinani. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi, tangu gogo limwangukie msituni Olmotonyi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo wimbo wenu unasema nini?"

Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayemsubiri mtu mwenye pikapu. Nikaubatiza papo hapo. "Unahusu bibi arusi, mzee. Anamsubiri bwana arusi, na amechelewa."

"Kama wale wanawali kumi wa Biblia?"

"Hao hao, mzee wangu."

"Taa zina mafuta?"

"Pikapu ndiyo... ndiyo, mzee, zina mafuta."

Akawaita wenzake watano, wazee watupu, tukaanza mazoezi kwenye migomba yake. Ole wetu! Walipiga wimbo wa pikapu kama wanazika askofu. Kila noti imesimama wima kama inaapa mahakamani. Wiki mbili zikaisha hivyo, na Nairobi nikawa naiota.

Siku moja mzee akaondoka kwenda kumfunga mbuzi. Mpiga dramu akanishika mkono. "Usimsikilize mzee," akaninong'oneza. "Mwangalie anavyotembea."

Nikaangalia. Taaa-ta, taaa-ta, taaa-ta. Mungu wangu, ile kaseti ya mzungu ilikuwa inatembea kwenye migomba! Swingi kumbe ni kuchechemea tu.

Ila utamwambiaje mtu mzima, mzee wa kanisa, kwamba unaiga kilema chake? Tukaapa kunyamaza. Mpiga dramu akawa anamwibia hatua kwa jicho, wazee wengine wakamfuata bila kujua, na muziki ukaanza kulegea kidogo kidogo. Lakini bado kulikuwa na mahali panakwama.

Siku ya kurekodi ikafika. Chumba cha fundi wa kurekodi kilikuwa Kimandolu, kuta zimefunikwa magodoro, joto unaweza kuoka mkate. Tukapiga mara tisa, mara zote tisa tunajikwaa pale pale. Mpiga gitaa uvumilivu ukamwisha, akamfokea mpiga dramu, "Wewe vipi? Si tulisema kama mzee anavyochechemea?"



Mzee akashusha tarumbeta. "Nani anachechemea?"

Mpiga kinanda alianza kusoma godoro.

"Nauliza. Mnapiga mguu wangu?"

"Tusamehe, baba," nikasema. Nilishaona Jumapili zetu zinapanda basi la Nairobi.

Mzee akaweka tarumbeta kwenye mfuko wake. Akaelekea mlangoni. Akafika, akageuka, amekasirika kweli kweli.

"Mnaupiga vibaya! Miaka thelathini natembea nao, nyie mnaniharibia! Mimi nakaa sana kwenye mguu mzima, huu mbovu naugusisha tu, kama naonja chai ya moto. Nyie mnakaa sana kwenye mbovu. Mnataka niumie?"

"Hapana, mzee."

"Washa mashine yako," akamwambia fundi. "Tazameni."

Akaanza kutembea katikati ya chumba, viatu vyake vya Jumapili vina vyuma chini. Kwaaa-ka, kwaaa-ka. Anatembea huku anapuliza, na sisi tumemfuata kama vifaranga. Mara moja tu, wimbo ukatoka mzima mzima. Nyimbo nyingine saba za kaseti tukazimaliza kabla ya chakula cha mchana, maana hatukutaka apumzike akabadilisha mwendo.

Tukampelekea mzungu kaseti, na mzee naye akataka kuja. Mzungu akasikiliza amefumba macho, kichwa kinayumba chenyewe. Akasimamisha kaseti.

"Hii ngoma gani napiga kwaa-ka, kwaa-ka? Hii ndiyo swingi yenyewe!"

Tukatazamana. Mzee akasogea mbele, kwaaa-ka, kwaaa-ka, kwenye sakafu nzuri ya mbao ya mzungu.

"Hiyo si ngoma," akasema. "Hiyo ni mimi."

Jumapili tukapewa zote. Mzee akaweka sharti moja: ibada kwanza, muziki baadaye. Mzungu akakubali haraka haraka, hakuwa anamjua mchungaji wa usharika ule. Mahubiri yake hayakuwa na breki, na wazungu wa watu wakawa wanakaa mezani na uma mkononi mpaka saa tisa alasiri, wanasubiri tufike ndipo wale.