Mama Pua wa Wodi Isiyofagiliwa

Saa moja asubuhi. Katika wodi ya watoto waliopandikizwa seli shina, zile zinazotengeneza damu mpya, msafishaji wa miaka hamsini na mbili anaingiza kichwa nyuma ya kabati na kunusa. Kisha anakunja kitambaa chenye dawa na kufuta ukuta taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Ufagio hapa ni marufuku. Vumbi likiruka hubeba fangasi, na watoto hawa, ambao kinga yao ya mwili bado haijarudi, hawana cha kujitetea nacho.

Wenzake wanamwita Mama Pua. Jina lilianza kama kejeli.

Wiki tatu zilizopita, binti wa miaka saba alipata homa isiyoshuka. Picha ikaonyesha fangasi kwenye pafu. Akatundikiwa dripu ya dawa kali iliyomtapisha kutwa. Siku hiyohiyo, Mama Pua alisikia harufu chumbani mwa binti huyo, "kama dekio lililosahaulika kwenye ndoo."

Fundi bomba aliyeitwa kukagua alicheka. "Mama, hilo si dekio lako mwenyewe?"

"Dekio langu nalijua kama mwanangu. Fungua ukuta, baba."

"Nikikuta pakavu?"

"Utanicheka mpaka nistaafu."

Mtoto alihamishwa kwanza. Ubao wa ukuta ulipobanduliwa, bomba lilikuwa linavuja na ukungu mweusi umetanda kama mkeka. Fundi hakucheka tena.

Muuguzi mkuu wa wodi hataki kutia chumvi. "Dawa ndiyo inayomtibu mtoto. Hatuna hakika kama fangasi walitoka pale. Lakini huwezi kumtibu huku ukuta unamrudishia ugonjwa."

Juzi, picha mpya ilionyesha doa la fangasi pafuni limepungua zaidi ya nusu. Mama wa mtoto alimshika Mama Pua mikono yote miwili, iliyochubuka kwa dawa ya kusafishia.

Mama Pua aliishia darasa la tano. Jumatatu ataanza kuwafundisha wasafishaji wa wodi nyingine tatu.

"Kuandika ubaoni sitaweza," anasema. "Nitawapeleka nyuma ya makabati, wanuse wenyewe."

Kioo cha chumba namba sita kinagongwa. Ni yule binti.

"Bibi, leo unasikia harufu gani?"

Mama Pua anainua pua juu, anavuta pumzi ndefu, anajifanya kuwaza.

"Ya mtu anayekaribia kwenda nyumbani, mke mwenzangu."