Kiwiko cha Mama

Picha pekee niliyonayo ya mama yangu ni ya kiwiko. Ukitazama picha ya harusi ya shangazi, pembeni kulia, nyuma ya mwanamume mwenye tai iliyokwenda upande, utaona mkono uliokunjwa ukitoroka. Huyo ndiye mama. Kamera ilipoinuliwa alijisogeza kwa adabu, kama alivyozoea, kwa sababu mumewe alikuwa ofisa wa upelelezi wa polisi na nyumbani kwetu picha zilipigwa marufuku.

Sikatai kwamba baba alikuwa na sababu zake. Alianza kazi kama askari wa zamu ya getini, wakubwa wakagundua kwamba akimwona mtu mara moja anaweza kumweleza kuanzia kisogo hadi visigino. Wakamvua sare, wakampa shati la kawaida na kazi ya kukaa mahali na kusikiliza. Akapanda vyeo kimyakimya mpaka akawa mkuu wa kitengo. Ukimuuliza, "Baba, unakwenda wapi?" alijibu, "Hapa hapa," akarudi baada ya siku nne. Na hakuwahi kuupa mlango mgongo. Hata kwenye meza ya chakula, kiti cha kutazama mlango kilikuwa chake, mimi na mama tukakaa upande wa kuvamiwa.

Nilikuwa na miaka minane redio ilipotangaza kwamba ameteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa wizara inayosimamia polisi. Ghafla sura yake ikawa kila mahali: gazetini, kwenye kalenda ya wizara, kwenye ukuta wa korido. Mama akashona gauni jipya.

"Sasa na mimi naruhusiwa?" alimuuliza.

"Subiri kwanza nitulie kazini," baba akasema.

Gauni likabaki kabatini. Mama aliugua figo, na mwaka haukuisha tukamzika. Kitambulisho chake baba alikirudisha serikalini wiki ile ile, kwa kuwa fomu ilisema kirudishwe. Mtu wa taratibu, baba yangu!

Mama alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji. Harufu ya gundi yake ninaikumbuka. Nakumbuka vidole vyake vikinisuka, mimi nimempa kisogo. Sauti ninayo. Uso umenitoka. Sijui ulipotea lini. Nilikuwa nao, halafu siku moja nikautafuta nisiuone. Namlilia mama yangu mpaka kifua kinauma, na ninayemlilia hana uso. Baba, bingwa wa kueleza sura za watu, nikimuuliza mama alikuwaje husema tu, "Alikuwa mzuri."

Kumbe picha iliwahi kuwepo. Baba alipoomba ruhusa ya kuoa, ofisi ilimchunguza mchumba wake, kama ilivyowachunguza wachumba wote wa maofisa. Mtu alitumwa kumfuata na kumpiga picha bila yeye kujua. Baba alilisoma faili lile, akaoa. Miezi miwili baada ya mazishi akalikumbuka, akaenda mwenyewe masjala kuliomba. Karani akafungua daftari la kumbukumbu, akalisoma, halafu akaanza kujikuna shingo. Faili lilikwisha kuteketezwa pamoja na mengine makuukuu mia nne, kwa idhini ya Katibu Mkuu. Saini ilikuwa ya baba. Aliitia wiki yake ya kwanza wizarani, chini ya orodha ya namba tupu.

Aliponisimulia hayo nilikuwa na miaka ishirini. Nilimnunia miezi mitatu, na hata sasa nikikumbuka napandwa na hasira.

Mwezi uliopita alikwenda kuhakikiwa pensheni pamoja na wastaafu wenzake. Kwenye foleni akakutana na mzee waliyemwita Kobe, mfuatiliaji wa zamani ambaye hakuwahi kukimbia na hakuwahi kupotezwa na mtu. Katika kupiga soga Kobe akasema, "Afande, sasa tumeshazeeka, nikwambie tu. Shemeji nilimfuata mimi. Siku kumi na moja."

Jumamosi asubuhi nikamwendesha baba hadi kwenye duka la Kobe, duka la misumari na makufuli. Kobe alituletea vigoda viwili. Baba akakivuta chake hadi ukutani, akatazama mlango. Mwenyeji wetu akabaki amesimama, mikono ubavuni.

"Faili limeungua," akaniambia, "lakini sisi tulifundishwa kuandika baadaye. Kwanza unaweka kichwani. Uso wa duara. Mwanya mdogo mbele. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Nyusi nzito, unyusi wa kulia umekatika kabla ya kufika mwisho."

Akanitazama. Baba naye akageuka kunitazama. Nikapeleka kidole kwenye unyusi wangu wa kulia, pale unapokatika, pale ninapopaka wanja kila asubuhi nikidhani ni kasoro yangu tu. Nikalia pale pale mbele ya makufuli, sikujali.

Kobe aliendelea, siku baada ya siku. Mlengwa ametoka kiwandani saa kumi na robo. Anatembea huku akibandua gundi iliyokauka vidoleni. Amesimama kutazama viatu dirishani, hakununua. Mlengwa anaimba, hajui maneno yote.

"Siku ya kumi na moja," baba akasema, "uliandika hakuna la kuripoti. Nakumbuka."

Mzee akakohoa. "Nilidanganya, Afande. Siku hiyo aligeuka, akanijia moja kwa moja. Akaniambia, 'Kaka, umenifuata mpaka viatu vyako vimeachama. Mwambie aliyekutuma kwamba nimeshamkubali. Akitaka kunijua zaidi, aje aniulize mwenyewe.' Ningeandika hivyo, unga ungemwagika. Mfuatiliaji aliyeonekana!"

Nilicheka, machozi bado yananitoka. Baba hakucheka.

"Aje aniulize mwenyewe," alirudia, polepole.

"Ndivyo alivyosema."

"Sikumuuliza." Alikuwa akiongea na mimi sasa. "Miaka kumi na miwili ndani ya nyumba moja, mwanangu, sikumuuliza kitu. Nilidhani namjua. Nilishasoma faili."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, nimeyatunza tangu nina miaka ishirini. Yakaniishia. Wateja wawili waliingia, wakasubiri, wakaona hakuna wa kuwahudumia, wakatoka. Kobe alikuwa bado amesimama wima.

Baba akainuka. Akakibeba kigoda chake kutoka ukutani, akakiweka katikati ya duka mbele ya Kobe, akakaa, mlango wazi nyuma ya mgongo wake.

"Anza tena," akasema. "Siku ya kwanza. Usiruke kitu."