Nyasi za Mama Sekatinde

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya hamsini, mwanangu, tulipokuwa tunaezeka kanisa letu la Kilutheri huku vilimani, juu ya Kalenga. Leo mnaliona na bati na kengele, mnadhani liliota hivyo. Wamisionari walikuwa wameanza kuwaachia kazi wachungaji wetu wenyewe, na kila nyumba ilileta mzigo wake wa nyasi kabla ya mvua. Nilikuwa msichana, nimetoka kupata kipaimara, najiona nusu malaika.

Akaja Mama Sekatinde, mzigo kichwani, jasho linamtiririka. Alikuwa mke wa pili, kwa hiyo alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana, ule mkate na divai, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma. Hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu, nyasi zake ziwe juu ya kanisa.

"Kamwene, mama," mzee mmoja wa kanisa alimsalimu kwa lugha yetu, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliouma. "Hizi rudi nazo, ukaezekee jiko. Kanisa lina utaratibu wake."

 Mama aliutua mzigo, akaukalia, akajifunika uso kwa upindo wa nguo. Nilimwonea huruma. Hata yule mzee nilimhurumia baadaye, maana alifundishwa hivyo na aliogopa kukosea.

Mchungaji wetu, mtu wa hapahapa, alishuka kwenye ngazi. Akaufungua mzigo wa mama, akaufungua na wake aliouleta yeye, akazichanganya nyasi mpaka zikawa lundo moja.

"Haya, wazee," akasema. "Zitoeni zake."

Hakuna aliyeinama. Mawingu yalikuwa yanakaribia. Mwishowe yule mzee aliyemzuia ndiye aliyelikumbatia lundo, akapanda nalo.

Utaratibu wa Meza haukubadilika mwaka ule, nisikudanganye. Lakini mvua ya kwanza iliponyesha, Mama Sekatinde alikaa benchi lake lilelile la nyuma, anatazama paa, anatabasamu.

Sasa wewe, mwanangu, wamekuchagua mzee wa kanisa. Utakutana na watu ambao sheria imewazuia, na huenda huna uwezo wa kuibadili. Lakini usimrudishe mtu nyumbani na kile alichomletea Mungu. Mungu akupe mikono ya kupokea, na paa lako lisivuje.