Yai la Kwanza la Baukje

Kijijini kwetu, kando ya ziwa, majira ya kuchipua hayaanzi kwa kalenda. Yanaanza pale mtu anapoliona yai la kwanza la ljip, yule ndege mwenye kishungi anayetaga chini, kwenye majani mafupi ya hifadhi. Zamani tuliyala mayai hayo. Siku hizi hayaguswi. Anayeliona la kwanza humwita mlinzi athibitishe, na jina lake huandikwa ukutani mkahawani.

Baukje Wiersma, mkamuaji wa ng'ombe, alikuwa analitafuta tangu usichana wake. Ukutani hapakuwa na jina la mwanamke hata moja. Na kiangazi kinachokuja goti lake lingepasuliwa. Kuruka mitaro kwa upondo, ule mti mrefu tunaouchomeka topeni ili kuvukia, ndiyo basi tena.

Asubuhi ile upepo wa mashariki ulikata masikio. Langoni mwa hifadhi alimkuta Sjoerd, ambaye jina lake lilikuwa ukutani tayari.

"Bibie, rudi ukalipashe goti moto. Habari nitakuletea."

"Wewe lete keki ya kunipongeza. Habari nitakuwa nazo mimi."

Mara ljip dume akabiringika angani akilia, na Sjoerd akamfuata mbio. Sote hukosea hapo, kwa kutazama juu. Baukje alikuwa anatazama chini. Ng'ambo ya mtaro mpana aliona jike akinyata, kichwa kimeinama, akitoka kwenye kijishimo. Akachomeka upondo, akaruka, akatua topeni hadi kiunoni.

Yai lilikuwepo, moja tu, lenye madoa meusi.

Simu yake ililowa, ikafa. Papo hapo mvua ya mawe ikaanza. Akibaki pale, jike hatarudi na yai litapoa. Akiondoka, mwingine anaweza kulikuta na kumwita mlinzi kabla yake.

Akaondoka. Alikwenda kukaa kwenye tuta, mbali, mawe yakimpiga mgongoni.

Sjoerd akatokea, amelowa chapachapa.

"Umechoka, bibie?"

"Napunga upepo."

"Na mawe haya?"

"Nayo pia."

Sjoerd akatazama tope lililomganda, kisha upondo wa Baukje uliobaki umesimama kule mtaroni. Bondeni jike alikuwa anarudi: anakimbia kidogo, anasimama, anakimbia tena. Akafika kwenye kijishimo, akatikisa kifua, akalalia.

Sjoerd akatoa simu mfukoni.

"Jelle? Njoo na darubini, kwenye tuta la kusini. Si mimi, bwana. Baukje ameliona."

Jelle, mlinzi, alifika mvua ikikatika. Alitazama kwa darubini mpaka ndege aliposimama kuligeuza yai. Ndipo akampa Baukje mkono, kwa heshima zote.

"Hongera, mama. La kwanza mwaka huu."

Baukje akacheka kwa sauti hata mabata wakaruka kutoka matetini. Sjoerd naye alishapanda juu ya tuta, mikono mdomoni, akiwaita watafutaji wenzetu waliotawanyika kondeni:

"Rudini, nyie! Mmeshindwa wote! Baukje ameshalipata!"