Mluzi wa Dende Mweupe

Jiko letu la mtaa wa Bagira lilinuka moshi wa mkaratusi, majani mabichi na mkojo wa dende, na mpaka leo nikikutana na harufu hizo tatu kwa pamoja siingii ndani. Dende ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu wa mahali pengine huwaita simbilisi. Kwetu hawakujengewa banda. Waliishi jikoni, chini ya kichanja cha kuni, karibu na mafiga, kwa sababu baridi huwaua upesi, na walikuwa mali ya watoto. Mtoto akishajua kukata majani bila kujikata vidole, alipewa dende wake. Wangu alikuwa mweupe, mwenye sikio moja la kahawia, na nilimwita Madamu kwa vile alikuwa mteuzi wa chakula kuliko mgeni wa harusi. Akisikia hatua zangu mlangoni alipiga mluzi mwembamba. Kaka zangu walisema dende wote hupiga mluzi wakisikia majani yanakuja. Mimi nilishikilia kwamba ananiita mimi, na sikutaka kubishana nao.

Baadhi ya Jumamosi alikuja tonton Deo, baba yetu mdogo, aliyekuwa mtunza wanyama katika maabara moja ya mjini. Alikuja na katoni iliyotobolewa matundu, akanywa chai, akamtania mama kuhusu bugali yake laini, kisha akaondoka na dende wawili au watatu. Tulipomuuliza wanakwenda wapi, alisema wanakwenda kuwasaidia waganga wa hospitali kazi zao. Tukaridhika. Niliwahi hata kumwonea wivu dende wa kaka yangu, kwamba yeye atapanda gari na kuona mji wakati mimi nimebaki kukata majani. Nilikuwa na miaka kumi, na ujinga wangu ulikuwa umenenepa vizuri.

Halafu, Jumatano moja ya msimu wa mvua, wakaja shuleni kwetu vijana wawili, mwanamke na mwanaume, wenye fulana za kijani na picha kubwa walizozibandika ubaoni. Walikuwa wanazunguka shule kwa shule wakitetea wanyama. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Ulaya aliyevaa koti lililoshonwa kwa ngozi za wanyama wadogo wengi, na darasa zima likacheka, maana asubuhi ile kulikuwa na baridi na nusu yetu tungelivaa koti lile bila kuuliza. Picha ya pili haikuchekesha mtu. Alikuwa dende mweupe, amenyolewa mgongo, na juu ya ngozi yake tupu kulikuwa na madoa mekundu yaliyopangwa kwa mistari, kila doa na namba yake.

“Batoto, munaona huyu?” alisema yule mwanamke. “Banamupakaa dawa ku ngozi, banangojea kuona kama itaungua. Yeye hana muntu wa kumuteteya. Ni nyinyi mutamuteteya.”

Niliogopa vile ambavyo sijaogopa tena, na nimeshasikia risasi maishani mwangu. Namba zile ndizo zilizonimaliza. Nyumbani sikula. Nilikaa jikoni nikimpapasa Madamu mgongo, nikihesabu mahali doa la kwanza litakapokaa, na la pili. Nikakumbuka kwamba tonton hupenda kuchukua weupe. Nikakumbuka mikono yake, mikubwa, yenye kucha safi mno kwa mtu anayeshika wanyama. Jioni mama aliingia, akainama chini ya kichanja, akamshika Madamu tumboni, akamgeuza, akamwachilia. Nikajua kwamba amemchagua wa kuondoka na tonton. Kumuuliza sikuthubutu, kwetu mtoto hakumuuliza mama sababu, alisubiri kuambiwa. Alhamisi usiku niliota katoni yenye matundu, na ndani ya kila tundu jicho jekundu.

Ijumaa baada ya shule nilimficha Madamu ndani ya sweta, nikateremka mpaka kwenye majani marefu chini ya kisima. Nilimweka chini, nikamwambia aende. Hakwenda. Alizaliwa kando ya mafiga, ulimwengu wake uliishia kizingitini, na mimi, niliyejiona mkombozi, hilo sikulifikiria. Nilimkatia majani matamu nikayarundika mbele yake, nikageuka kuondoka. Aliposikia hatua zangu akapiga mluzi. Niliziba masikio nikakimbia kupanda mlima, na kabla sijafika nyumbani mvua ikaanza.

Asubuhi tonton Deo akafika na katoni yake. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

“Utabeba hii mbili ya nyekundu,” mama alimwambia. “Ile nyeupe ya mutoto haiende. Iko na mimba, nilimushika mu tumbo Jumatano. Itabakia.”

Nilisikia maneno yale nikatoka nyuma ya mlango. Ilibidi niseme nilikomwacha Madamu. Mama hakunipiga, jambo lililonitia hofu zaidi; tulifuatana sote watatu mpaka kisimani, tonton mbele. Tulimkuta Madamu mahali nilipomweka. Hakuwa amesogea hata hatua tatu. Majani yangu yalikuwa mazima mbele yake, yamelowa, naye alikuwa mgumu na baridi, uso umeelekea njia niliyokimbilia. Tonton alichuchumaa, akamwinua kwa ile mikono niliyoiogopa, akampapasa tumbo polepole kwa kidole gumba.

“Balikuwa batatu mu tumbo,” alisema, akavua koti lake, akamfunga ndani.

Siku hizi nakaa mtaa wa Kadutu, napikia makaa kwenye balkoni, na jikoni mwangu hamna mnyama. Wale vijana wa picha sikuwahi kuwaona wakosaji. Walisema kweli, na ningependa waendelee kusema. Kampeni zenyewe sasa zinaingia kwenye simu, na juzi binti yangu wa miaka tisa alinionyesha moja, dende mweupe, mgongo mtupu, mistari ile ile. Nikamsimulia habari za marehemu tonton Deo, aliyependwa sana na binti yangu.

“Tonton aliuwaka badende, maman?” aliniuliza.

“Aliwapeleka mahali walipouawa,” nilimjibu. “Ndiyo.”

Akanigeukia. “Na wewe?”

Nilizima simu, nikamvuta karibu, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu jinsi mluzi ule ulivyosikika nikiwa nimeziba masikio.