Fundi wa Kasingirima aliyekataa kubonyeza "ya kwanza"

Saa tano kasorobo asubuhi, Nuhu Pazi ameutoa mkono kwenye kibodi na kuulaza juu ya paja, kama mtu anayeuogopa mkono wake mwenyewe.

Mbele yake kuna skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Inauliza jambo moja tu: kati ya diski hizi mbili, ipi inakiliwe juu ya nyingine? Ya kwanza au ya pili. Ukishabonyeza, ndiyo basi tena.

"Swali fupi hivi," anasema, "ndilo lililonimaliza mwaka juzi."

Nuhu, 54, ni fundi kompyuta Kasingirima, Ujiji. Kibanda chake kina meza mbili, feni isiyozunguka na redio saba ambazo wenyewe hawakuzifuata. Shule aliishia darasa la saba. Alianza na redio, akahamia simu, na kompyuta alijifunza kwa kuzipasua zilizokufa.

Iliyo mezani leo imekuja jana kwa boti, imeviringishwa vitenge viwili na mfuko wa nailoni. Ameileta muuguzi Eufrasia, wa zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, njia ya kwenda Kagunga. Umeme ulikatika Ijumaa, ukarudi, na kompyuta ikagoma kuwaka.

Ndani yake kuna majina 4,318. Ni kina mama wa kliniki na watoto wa chanjo. Nani amechomwa nini, lini, nani damu yake ni kundi gani, nani hapatani na dawa ipi.

Ukiuliza daftari liko wapi, Eufrasia anacheka kidogo.

"Madaftari walituambia tuweke stoo, dunia imeachana na karatasi," anasema. "Mchwa hawakusikia hilo tangazo."

Kompyuta za namna hii zililetwa na mradi, kumi na moja kwa zahanati za mwambao, miaka mitano iliyopita. Wakubwa walikata utepe, wakapiga picha nazo, wakapanda magari. Karatasi ya maelekezo hawakuacha. Namba ya fundi waliyoiacha haipatikani.

Ubaya wake ni kwamba si kompyuta mbaya. Ina diski mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki na kumbukumbu zote. Mafundi wanaita reidi.

Lakini hapa ulinzi huo hauna kifaa chake. Ni programu ndogo iliyokaa kwenye ubao mkuu, na mfumo wowote wa kuendeshea kompyuta unaosimikwa humo lazima uielewe lugha yake. Usipoielewa, unaona diski mbili zisizojuana.

"Ni pacha," Nuhu alimweleza Eufrasia jana alipoifungua. "Huyu wa kwanza, huyu wa pili."

"Basi huyu Bukuru, huyu Butoyi," akajibu muuguzi, ambaye ni Muha na kwao pacha hawaitwi vingine. Wa kwanza kutoka tumboni ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Nuhu akachukua kalamu ya wino mweupe, akaandika.

Sasa pacha wamepishana. Mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na kompyuta inataka iambiwe nani amfuate nani.

Simu ya Eufrasia inaita. Ni mkubwa mmoja wa mradi. Muuguzi anaiweka sauti ya nje.

"Fundi, kwani tatizo nini?"

"Inauliza nichague diski, mheshimiwa."

"Bonyeza ya kwanza uendelee. Alhamisi kuna wageni, wanataka kuiona inafanya kazi."

"Sijajua ya kwanza ina nini."

"Wewe umesomea wapi?"

Nuhu anaitazama simu. "Hapa hapa," anasema.

Simu inakatwa.

"Lakini Mzee Nuhu, hapo hajakosea," anasema Eufrasia taratibu. "Bukuru ndiye mkubwa. Kwetu likitokea jambo, anaulizwa yeye kwanza. Si ndiye atakuwa anajua yote?"

Nuhu ananyoosha mkono nyuma ya kompyuta. Anachomoa waya wa umeme.

Mwaka juzi hakuuchomoa. Shule moja ya sekondari, iliyopewa kompyuta kama hii na mradi uleule, ilimwita aweke mfumo huria, Linux, kwa sababu ule wa kulipia ulikuwa umekwisha muda na hakuna aliyetenga fedha ya kuulipia. Ulikuwa toleo la zamani. Ulipowaka kutoka kwenye flashi ukamwonyesha diski mbili. Akadhani moja ni ya akiba, akasimika juu yake.

Kompyuta ilipowashwa upya, ubao ukawaona pacha wamepishana, ukauliza. Akajibu ya pili, ile yenye mfumo mpya, ikanakiliwa juu ya ya kwanza. Alama za wanafunzi za miaka mitatu zikafutika.

"Walisema fundi wa mtaani kaharibu," anasema. "Ni kweli, niliharibu. Lakini aliyewapa kompyuta bila karatasi hakuna aliyemtaja."

Kwa siku alikuwa akipata hadi shilingi elfu ishirini. Baada ya hapo, elfu tano ikawa siku nzuri. Watu walimpa redio, si kompyuta.

Aliandika barua mbili. Ya kwanza alipeleka ofisini kwa wenye mradi, kuwaonya kwamba kompyuta zao zina mtego. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo.

Ya pili aliwaandikia watu wanaotengeneza ule mfumo huria, huko kwenye mtandao wao, watu asiowajua wala kuwaona, wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Aliandika kwa Kiswahili, na mwalimu Wilfred, jirani yake, akaigeuza Kiingereza. Alisema tu: programu yenu haiwaoni pacha.

Walijibu baada ya siku tatu. Wakamwomba picha za skrini. Alipiga arobaini, kwenye ubao wa namna hiyo aliouokota kwa muuza vyuma chakavu.

"Waliniita bwana," anasema. "Wa hapa walikuwa wananiita wewe."

Mkewe, Zaitun, anaingia na chupa ya uji na kidonge kwenye kipande cha gazeti.

"Baba Abdul, dawa. Saa nne imepita zamani."

"Nakuja."

"Unakuja wapi na umekaa? Hiyo kompyuta umeikodolea macho kuliko ulivyonikodolea mimi siku ya harusi."

"Siku ile nilikuwa nimezungukwa na wajomba zako."

Anameza. Ana shinikizo la damu tangu yale ya shuleni. Anaye wa kumkumbusha. Si kila mwanaume wa umri wake aliyeachiwa bahati hiyo. Wengine wake zao waliwafia kwenye benchi la kusubiria hospitalini, faili likitafutwa.

Nuhu anatoa diski zote mbili. Anachukua kompyuta yake ya mezani, inayotumia betri ya gari na inveta ili umeme ukikatika isishtuke, anaiwasha kwa flashi, kisha anachomeka Bukuru peke yake. Anaamuru isome tu, isiandike hata nukta.

Eufrasia anasogeza kiti. Orodha inashuka mpaka jina la mwisho. Ni mtoto wa kike, chanjo ya surua. Tarehe 14 Machi.

Sasa ni Novemba.

Anamtoa Bukuru, anamchomeka Butoyi. Orodha inashuka, inapita Machi, inaendelea kushuka. Jina la mwisho ni la Ijumaa iliyopita, saa tatu na dakika kumi.

Nje mtu anapita anauza dagaa.

Bukuru alikuwa ameacha kuandikiwa tangu Machi. Amechoka, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuangalia. Miezi minane Butoyi alibeba mzigo peke yake.

"Na mimi ndiye niliyesema Bukuru," anasema Eufrasia.

"Hata mimi ningesema, nesi. Ningeanza na mkubwa."

"Watoto mia tatu na kitu tangu Machi, baba. Ningeanza kuwachoma upya? Nani kachomwa, nani hajachomwa?"

Nuhu ananakili rejesta kwenye flashi mbili. Moja anampa muuguzi, moja anaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kisha anafungua kompyuta yake mwenyewe, aliyotoka kuitumia, na kung'oa diski yake. Ndiyo atakayomwekea Butoyi kuwa pacha mpya. Nyingine hana, na mradi haukuulizwa kwa kuwa jibu linajulikana.

Kumnakili Butoyi kwenye diski hiyo kunakula saa nne. Betri ya gari inashikilia. Umeme unakatika mara moja katikati, na Nuhu hageuki hata kutazama taa.

Saa kumi jioni anachomeka toleo jipya la mfumo huria, lililotoka miezi miwili iliyopita, alilolivuta siku mbili kwa bando. Linafika mahali pa kuchagua diski. Safari hii skrini inaonyesha mstari mmoja. Pacha wawili, wamesomwa kama kitu kimoja.

Anaugusa mstari huo kwa kidole, juu ya kioo. Halafu anaendelea na kazi, akiusimika mfumo kando ya rejesta, si juu yake.

Eufrasia anaomba ile kalamu nyeupe. Kwao anayezaliwa baada ya pacha huitwa Chiza. Ndilo jina analoandika kwenye diski mpya.

Zimebaki kompyuta kumi huko mwambaoni. Nuhu anataka kuzifikia zote, aziwekee mfumo unaowaona pacha, na kwenye kila moja abandike karatasi ya Kiswahili: ikikuuliza, usijibu. Aliomba nauli ya boti kwa wenye mradi. Aliambiwa aandike barua.

"Barua nimeshaandika moja," anasema. "Alhamisi napanda boti kwa hela yangu."

Eufrasia anatuma ujumbe kwa wauguzi wenzake wa zahanati hizo: kompyuta ikiwauliza mchague diski, msichague, fundi anakuja. Majibu yanaingia moja moja. Sawa. Sawa. Asante.

La nne linatoka kwa muuguzi aitwaye Happiness. Eufrasia analisoma mara mbili kabla ya kulisoma kwa sauti.

"'Sisi iliuliza jana. Tulipiga simu kwa mkubwa, akasema tubonyeze ya kwanza. Tumebonyeza.'"

Nuhu anafumba macho.

"Muulize umeme."

"Umeme gani?"

"Baada ya kubonyeza. Ulikatika?"

Eufrasia anaandika. Wanasubiri. Zaitun, aliyekuja kuchukua chupa ya uji, anasimama mlangoni naye anasubiri.

"Anasema ulikatika baada ya nusu saa. Mpaka sasa haujarudi."

Miaka yote Nuhu ameulaani umeme wa mwambao huo. Kunakili kunataka saa nne. Nusu saa ni kidogo; huenda ya pili haijafutwa yote.

"Mwambie wachomoe waya ukutani," anasema. "Ukirudi, wasiiwashe. Akipiga mkubwa, wasiiwashe. Nitaanza na wao."